Ubongo Nao Ni Kiungo: Majibu ya Maswali Mnayoniuliza Pembeni

Mwenyekiti, wazee wetu, walimu, wazazi na vijana mliofika, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nizungumzie ubongo. Sikuandaa mhadhara wa darasani. Nimekuja kujibu maswali ambayo watu huniuliza tena na tena, kwenye foleni ya kliniki, msibani, arusini, hata ndani ya basi. Mtu akishajua kwamba unatibu wagonjwa wa ubongo, anakuvuta pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini. Sauti hiyo ya chini ndiyo inayonisumbua. Aliyevunjika mguu anasema mbele ya watu. Anayeumwa moyo anasema. Ugonjwa ukiingia kichwani, familia inafunga mlango. Leo tuzungumze kwa sauti ya kawaida, maana ubongo nao ni kiungo: una uzito, unakula, unachoka, unaumia, na mara nyingi unatibika.

Tuanze na umbo lake. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi. Ukiwa haujakaushwa kwa dawa ni laini mno. Ukiuweka mezani bila kuutegemeza unabonyea kwa uzito wake wenyewe. Ndiyo maana umefungiwa ndani ya fuvu, ukazungushiwa tando tatu, tena unaelea ndani ya maji yake maalumu. Maji hayo hayazidi mililita 150 hivi kwa wakati mmoja, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, kwa hiyo ya jana si ya leo. Kwa sababu ya kuelea huko, kiungo chenye kilo na ushei kinalalia sakafu ya fuvu kwa uzito wa gramu 50 hivi tu. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, ulinzi huo unazidiwa: ubongo unatikisika na kugonga ukuta wa fuvu hata kama mfupa haukupasuka. Ndiyo sababu mtu aliyeanguka, akapoteza fahamu kidogo kisha akasimama na kusema yuko sawa, tunataka aangaliwe kwa saa kadhaa. Akianza kutapika, kusinziasinzia, kuchanganyikiwa au kulalamika kwamba kichwa kinazidi kuuma, arudishwe hospitali mbio, maana damu inaweza kuwa inavujia ndani polepole.

Ile sehemu yenye mikunjo mnayoiona kwenye picha ni ubongo mkubwa, umegawanyika nusu mbili, kulia na kushoto. Nyuma chini yake umekaa ubongo mdogo, unaoratibu mwendo na kutuweka wima tusiyumbe. Chini kabisa kuna shina la ubongo, linaloungana na uti wa mgongo. Hilo ndilo linalosimamia pumzi na mapigo ya moyo wakati wewe umelala huna hili wala lile. Mtu anaweza kupoteza kipande cha ubongo mkubwa akaishi miaka mingi. Jeraha dogo kwenye shina linaweza kumwondoa.

Seli za neva ni ngapi? Kwa miaka mingi vitabu vilisema bilioni 100, na hakuna aliyekuwa amehesabu kwa uhakika. Mwanasayansi wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, pamoja na wenzake walibuni njia ya kuyeyusha tishu ya ubongo hadi kubaki viini vya seli ndani ya kimiminika, wakachota sampuli na kuvihesabu kwa darubini. Mwaka 2009 walichapisha jibu: kama bilioni 86. Na hapa pana jambo linalonifurahisha kila ninapolieleza: karibu bilioni 69 kati ya hizo zimo ndani ya ule ubongo mdogo wa nyuma, ambao uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo wote. Gamba la ubongo mkubwa, tunalolisifia kwa fikra na lugha, lina bilioni 16 hivi.

Sasa swali linaloongoza kwa kuulizwa: je, ni kweli tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo? Si kweli, na ningefurahi dhana hii tukiizika leo kwa pamoja. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini mwili ukiwa umepumzika unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Mwili haulishi kwa gharama hiyo kiungo kilicholala. Picha za ubongo unaofanya kazi zinaonyesha kila sehemu ikishughulika kwa zamu zake mchana na usiku, hata usingizini. Nasi tunaohudumia wagonjwa tunalijua hilo kwa njia ya uchungu zaidi: damu ikikatika kwenye eneo dogo tu, mtu anashindwa kumeza, au haoni upande mmoja, au hamtambui mwanawe kwa sura ingawa sauti yake anaijua. Kama asilimia 90 ingekuwa imelala, majeraha tisa kati ya kumi yasingemgusa mtu.

Mnaniuliza pia kama wapo watu wa ubongo wa kulia, wasanii, na watu wa ubongo wa kushoto, wahesabu. Kazi zimegawanywa kweli, lakini si kwa namna hiyo. Upande wa kushoto wa ubongo unaendesha mkono na mguu wa kulia, na wa kulia unaendesha wa kushoto, kwa sababu nyaya za neva zinapishana zikishuka. Kuhusu usemi, mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka silabi moja tu, "tan". Alielewa aliyoambiwa, alijibu kwa ishara, alikasirika asipoeleweka. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta jeraha kwenye sehemu ya mbele upande wa kushoto. Tangu hapo tukajua kwamba kwa watu wengi usemi una makao upande huo. Lakini hakuna mtu anayeishi kwa nusu moja. Nusu hizo mbili zimeunganishwa kwa fungu nene la nyuzi za neva, na kila kazi ya maana, hesabu au uchoraji, inazishirikisha zote. Tafadhali msimwambie mtoto kwamba hesabu haikuwekwa upande wake.

Je, mwenye ubongo mkubwa ana akili zaidi? Hapana. Ubongo wa tembo una uzito wa kilo tano hivi, na ule wa Albert Einstein ulipopimwa ulikuwa gramu 1,230, chini ya wastani. Na ubongo wenyewe unahisi maumivu? Hauhisi. Kichwa kinapouma, wanaolalamika ni tando, mishipa ya damu na misuli ya kichwa na shingo. Ndiyo maana daktari Wilder Penfield kule Montreal aliweza kuwafanyia upasuaji watu wakiwa macho, ganzi ikiwa kwenye ngozi tu, akizungumza nao ili ajue sehemu ya kuiepuka. Upasuaji wa namna hiyo unafanyika mpaka leo.

Kumbukumbu inahitaji muda zaidi, niruhusuni nikae hapo kidogo. Mwaka 1953 kijana wa Marekani, Henry Molaison, umri wake miaka 27, alifanyiwa upasuaji na daktari William Scoville kwa ajili ya kifafa kilichomshinda kila dawa. Daktari aliondoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, usawa wa masikio, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kidogo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku ile Henry hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za maisha yake. Akili yake ilikuwa nzima, adabu yake nzima, utoto wake aliukumbuka. Ukitoka chumbani ukarudi baada ya dakika chache, kwake ulikuwa mgeni. Mtafiti Brenda Milner alifanya naye kazi kwa miaka na miaka, na kila walipokutana ilikuwa kama mara ya kwanza.

Milner alimpa zoezi moja. Karatasi ina nyota yenye mistari miwili sambamba. Unatakiwa upitishe penseli katikati ya mistari kuizunguka nyota yote, lakini mkono wako umefichwa, unauona kupitia kioo tu. Yeyote kati yetu akijaribu, penseli itakwenda kinyume, itakwama kwenye pembe, itatoka nje ya mstari. Henry naye siku ya kwanza alikosea sana. Alirudia na kurudia, na siku ya tatu penseli ilipita kwenye pembe vizuri, makosa yakawa machache. Hata hivyo alipoulizwa, hakukumbuka kwamba aliwahi kuliona zoezi hilo. Mkono ulikuwa umejifunza kitu ambacho mwenyewe hakujua kwamba amejifunza.

Henry alifariki mwaka 2008, na mpaka hapo dunia ya sayansi ilimjua kwa herufi mbili tu, H.M., ili kumlinda. Kutoka kwake tulijifunza kwamba kumbukumbu ziko za aina mbalimbali na kila aina ina njia yake. Kwa anayemlea mzazi aliyepoteza kumbukumbu, jambo hili lina faida ya kila siku. Mama anaweza asijue alikula nini asubuhi, lakini mikono yake bado inajua kukunja nguo, na ulimi wake bado unajua dua aliyoisoma tangu utotoni. Mpeni kazi hizo azifanye. Kumhoji "Mama, unanikumbuka mimi ni nani?" mbele ya wageni kunamtesa bure.

Naja kwenye kiharusi, na hapa naomba simu ziwekwe mfukoni. Kiharusi kinatokea damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo. Mara nyingi mshipa umezibwa na bonge la damu. Wengine, mshipa umepasuka. Ubongo hauna akiba ya maana ya sukari wala hewa. Damu ikikatika kabisa, mtu anapoteza fahamu kwa sekunde kumi hivi, na baada ya dakika chache seli zinaanza kufa. Kwa kiharusi cha mshipa mkubwa ulioziba, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kila dakika bila matibabu inaondoka na seli za neva kama milioni 1.9.

Mtu anaweza kuwa anaongea nawe, mara kijiko kinamponyoka. Simama mbele yake. Mwambie atabasamu, uone kama mdomo umevutwa upande mmoja. Mwambie ainue mikono yote miwili aishikilie hivyo, uone kama mmoja unashuka. Mwambie arudie sentensi fupi, usikie kama maneno yanaburuzika au hayatoki. Ukiona moja tu kati ya hayo limetokea ghafla, tafuta usafiri wa hospitali dakika hiyo hiyo. Usimpe chakula wala maji, huenda koo limepooza akapaliwa. Usimpe asprini kwa kubahatisha, kwani kama mshipa umepasuka utaongeza damu inayovuja. Usimlaze ili "tuone kesho atakuwaje". Na tazama saa. Swali la kwanza utakaloulizwa hospitali ni mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya CT skani, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja.

Linaloniuma ni kwamba wengi wanatufikia siku ya pili au ya tatu. Wamekandwa, wamechuliwa, wameombewa, wamesubiriwa. "Daktari, tulidhani ni uchovu." Sina neno la kumlaumu mtu aliyempenda mama yake akamkanda usiku kucha. Ila naomba maombi na kukanda viende pamoja na gari linaloelekea hospitali. Dalili zikipotea zenyewe baada ya dakika kumi, bado nendeni, maana hiyo ni hodi: kiharusi kamili kinaweza kufuata ndani ya siku chache.

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni shinikizo la damu, ambalo kwa kawaida haliumi wala halijitangazi. Watu wanameza dawa mwezi mmoja, wanajisikia vizuri, wanaacha. Wewe unayejisikia vizuri ndiye ninayekusihi upimwe. Kipimo ni cha kufunga mkono kwa dakika moja, na hakuna kitu kingine ninachokijua kinacholinda ubongo wa mtu mzima kwa bei ndogo namna hiyo.

Kifafa nacho. Ndani ya ubongo seli huwasiliana kwa umeme hafifu. Hans Berger, daktari Mjerumani, alifaulu kuurekodi kwa mara ya kwanza kutoka kwa binadamu mwaka 1924. Kundi la seli likifyatua umeme kwa pamoja bila mpangilio, mtu anaanguka, anakakamaa, anatetemeka. Hakuna zaidi ya hapo. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa povu, si kwa mkojo, kwa hiyo mwenye kifafa mshike, mfute, mkumbatie. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 hivi wanaishi nacho, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa sawasawa. Nimeona watoto waliotolewa shule kwa sababu ya ugonjwa ambao kidonge cha kila siku kingeutuliza. Hilo sitalizoea.

Akianguka mbele yako, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, mwekee kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, na mtetemeko ukipungua mgeuze alale ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala kitambaa. Ulimi haumezwi, lakini meno yanavunjika na njia ya hewa inaziba. Usimshikilie kwa nguvu. Hesabu dakika: zikizidi tano, au akirudia kabla hajazinduka, huo ni wito wa hospitali.

Wazee wananiuliza kama kusahau ni dalili ya uzee tu. Kusahau jina kisha likarudi jioni, kusahau miwani ulikoiweka, hayo ni ya kawaida. Kupotea njia uliyoipita miaka yote, kuuliza swali lile lile mara nyingi ndani ya saa moja, kushindwa kulipa na kuhesabu chenji wakati zamani hukukosea, hayo yanahitaji daktari. Mwaka 1906 Alois Alzheimer alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa unaobeba jina lake, na ndio unaoongoza kati ya magonjwa ya kupoteza kumbukumbu. Bado hauponi. Lakini msifike kwenye hitimisho hilo mapema, kwani kuna kusahau kunakoletwa na upungufu wa vitamini B12, na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, na sonona, na hata dawa alizoandikiwa mzee kwa shida nyingine. Hayo yanapimika na mengi yanarekebishika.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya magonjwa ya kupoteza kumbukumbu, wakakadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wasingepata hali hiyo au wangechelewa kuipata. Shinikizo la damu limo, kisukari kimo, sigara na pombe ya kupindukia zimo, upweke umo. Kuna moja wengi hawalitarajii: kutosikia vizuri. Mzee asiyesikia anajitenga na mazungumzo, na ubongo unakosa kazi. Kama babu ameanza kukaa kimya kwenye mikusanyiko, mpeleke apimwe masikio kabla hujasema amezeeka.

Nimalizie na swali ninaloulizwa na familia za waliopata kiharusi: seli zilizokufa zinaota tena? Kwa kiasi cha kuziba jeraha, hapana. Kinachotokea ni kwamba seli zilizobaki zinaunda miunganiko mipya na kubeba sehemu ya kazi iliyopotea. Ubongo hubadilika kwa kutumika. Eleanor Maguire na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba madereva wa teksi wa London, waliolazimika kuikariri mitaa ya jiji zima, walikuwa na sehemu ya nyuma ya hipokampasi iliyo kubwa kuliko ya watu wengine. Kwa mgonjwa wa kiharusi, kutumika huko kunaitwa mazoezi ya tiba: kufungua na kufunga kiganja, kuinuka kitini na kukaa, kutamka silabi moja hadi ikubali. Aliyepoteza usemi mwimbisheni wimbo anaoupenda, kwani wengine maneno yaliyokataa kusemwa yanatoka yakiimbwa. Miezi mitatu hadi sita ya mwanzo ndiyo yenye mafanikio ya haraka, kwa hiyo mazoezi yaanze mara tu daktari anaporuhusu. Na baada ya hapo maendeleo yanapungua kasi, hayasimami. Msimfanyie kila kitu kwa huruma. Akitaka kujivisha shati kwa nusu saa, mpeni hiyo nusu saa.

Kipaza sauti kiko hapa mbele. Anayependa kuuliza asimame aulize, na kipimo cha shinikizo la damu kipo kwenye meza ile ya mlangoni kwa kila atakayependa kupimwa kabla hajaondoka.